Kamera Nilizoziona Mchana Tu

Nimeweka kamera za ulinzi katika maduka na nyumba za Nakuru hii mpaka magoti yakakataa ngazi. Ninyi vijana mnaoshika drili sasa, kuna jambo ambalo sikuwahi kumwambia mteja yeyote: karibu kamera zangu zote sikuziona zikifanya kazi usiku. Nilikuwa naziweka asubuhi, nazijaribu saa sita jua likiwaka, mteja anasema, "Ai, fundi, picha safi kama ya arusi!" na ikifika saa kumi na moja mimi niko kwangu nimevua viatu, miguu juu ya stuli, nangoja chai. Mke wangu, Rose, alikuwa akiwaambia watu kwamba kama kazi ingekuja mpaka kwa kiti changu, ningekuwa tajiri.

Sasa fikirieni. Mtu anayenunua kamera ya nje ananunua usiku. Mchana ana macho yake mwenyewe, ana majirani, ana watoto wa kupiga kelele. Mimi nilimuuzia usiku ambao sikuwahi kuuangalia.

Aliyenigundua kwanza alikuwa mwenye bucha mmoja kule Rhonda. Kamera yake ilikuwa inazima kila siku giza likiingia. Ananipigia asubuhi, naenda, naikuta inafanya kazi vizuri kabisa. Naifuta kioo, nakaza waya, narudi nyumbani. Kesho yake ananipigia tena. Nilibadilisha kamera nzima, nikampa mpya, nayo ikazima jioni hiyo hiyo. Mara ya tatu nilimkuta amesimama mlangoni na kisu, anatabasamu mbele ya wateja wake.

"Fundi, nimejua shida ya hii kamera."

"Ni nini, boss?"

"Inaogopa giza kama wewe."

Walicheka mpaka mama mmoja akaweka nyama yake chini. Lakini nilienda nyumbani na hilo neno, na nikaelewa shida. Giza likiingia, kamera huwasha zile taa zake ndogo za kumulika usiku, na hapo inahitaji umeme zaidi. Mimi nilikuwa nimevuta waya mwembamba, tena mrefu, kutoka kwa adapta dhaifu. Mchana ule umeme unatosha. Usiku unapungukiwa, kamera inazima, inawaka, inazima tena. Kwa hivyo mkiambiwa kamera inakufa jioni, msikimbilie kubadilisha kamera. Anza na adapta, kisha waya. Na uende jioni, si asubuhi kama mimi.

Kazi nilifundishwa na Bwana Jaswant, aliyekuwa na duka la vifaa vya umeme mjini, mzee wa kilemba na maneno machache. Mambo ya mvua alinifundisha yote, kwa kunitukana. Siku moja alipanda ngazi yangu, akaangalia mahali waya unaingilia ukutani, akashuka. Akachukua kikombe cha maji, akamwaga juu ya waya. Maji yakafuata waya kama yamepewa dairekshoni, yakaingia ndani ya nyumba ya mteja.

"Wewe umeweka kamera," akasema, "ama umeweka bomba?"

Tangu siku hiyo waya wangu ulishuka kwanza, ukajikunja chini kama tumbo, ndipo ukapanda kuingia ukutani. Maji yanafika pale chini kwenye mkunjo yanadondoka. Hapa kwetu mvua ikianza alasiri inakuja kutoka upande, si juu, na mtu akisoma kwenye boksi kwamba kamera haiingii maji, asilale. Kamera yenyewe haiingii. Maji hupitia kwenye kile kiungio cha waya nyuma, kile mnachokiacha kinaning'inia hewani mkidhani hakuna atakayekiona. Kitieni ndani ya kiboksi, mkifunge vizuri. Na ukiona ukungu ndani ya kioo asubuhi, ujue unyevu umeshafungiwa humo. Fungua wakati wa jua, iache ikauke, uweke zile pakiti ndogo zinazokuja kwenye viatu vipya, zile za kunyonya unyevu. Rose alikuwa anazitupa mpaka nilipomkataza. Sasa anazo nyingi kuliko viatu.

Kuna na ya Kariandusi, kule Elmenteita. Mteja alikuwa na boma karibu na machimbo, pale ambapo vumbi ni jeupe kama unga. Akasema kamera yangu inaonyesha theluji. Nikamwambia, mzee, Elmenteita hakuna theluji. Akanionyesha rekodi. Kweli, theluji! Vumbi linaelea mbele ya kioo usiku, zile taa zinalimulika, kila chembe inang'aa. Na mvua ikinyesha lile vumbi linakuwa plasta juu ya kioo. Nilimwambia apanguse kila wiki. Hakupangusa. Mimi pia nisingepangusa. Lakini kama ningejua, ningeisogeza kamera chini ya paa na kuzima zile taa zake, niweke taa nyingine ya kando, mbali kidogo na kioo. Hivyo hivyo na ukuta uliopakwa rangi nyeupe, hivyo hivyo na gata la paa: ukiviacha karibu na kamera, mwanga unagonga hapo unarudi, na picha inakuwa maziwa. Na buibui. Buibui wanapenda joto la kamera kuliko watu wanavyopenda usalama.

Haya yote ni makosa ya kuchekesha. Ningeweza kuishia hapa, tukacheka, mkaenda. Lakini hayo siyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Kule Lanet kulikuwa na mama mfanyabiashara wa chakula cha mifugo, tumuite Mama Vero. Alikuwa na stoo kubwa ya mabati na mlinzi wa usiku, Mzee Barasa, mtu wa Bungoma, mpole, mwenye kicheko cha pole pole. Mzee Barasa alikuwa na koti la mvua refu, rangi ya maziwa, alilolinunua kwenye mitumba. Vijana wa stoo walikuwa wakimuita Daktari. "Daktari, leo wagonjwa ni wangapi?" Naye anajibu, "Ni wewe tu, na dawa yako imeisha." Lanet yote ilimjua kwa lile koti. Usiku wa mvua ukipita pale barabarani, ukiona jeupe linatembea, unajua stoo ina mtu.

Mimi ndiye niliweka kamera ya mlango wa nyuma. Mchana, bila shaka.

Asubuhi moja baada ya mvua kubwa, mlango wa nyuma ulikutwa wazi na mota ya mashine ya kuchanganya chakula haipo. Mama Vero akaniita nitoe rekodi. Tulisimama mbele ya skrini, Mama, vijana watatu wa stoo, Mzee Barasa nyuma yetu akiwa bado na maji kwenye gumbuti zake. Picha ilikuwa mbaya, mvua ilikuwa mistari mirefu inayong'aa. Uso hauonekani, kofia ya koti imefunika. Lakini mtu alionekana, mrefu, amebeba kitu kizito begani. Na koti lake lilikuwa refu, jeupe, linang'aa.

Kisha kijana mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Si huyo ni Daktari?"

"Mimi nilikuwa mbele," Mzee Barasa akasema. "Mvua ilikuwa nyingi, nilisimama kwa veranda ya mbele. Mama, huyo si mimi."

Mama Vero alinigeukia mimi. Nakumbuka uso wake. Alikuwa anataka nimwambie kwamba si yeye. Alikuwa amefanya kazi na huyo mzee miaka mingi, walikuwa wakisali kanisa moja.

"Fundi. Hiyo koti ni nyeupe ama si nyeupe?"

Sasa nisikieni vizuri, maana hapa ndipo kazi yenu na yangu ilipo. Sikuwa nimewahi kukaa mbele ya kamera ile gizani hata dakika moja. Sikujua inaonaje. Nilichojua ni kwamba mawingu yalikuwa yanakusanyika tena upande wa Menengai, kwamba nilitaka kufika nyumbani kabla hayajapasuka, na kwamba vijana wote watatu walikuwa wananiangalia mimi, mtaalamu.

Nikasema, "Mama, kamera haidanganyi."

Maneno matatu. Mzee Barasa alivua lile koti pale pale, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya gunia, akatoka. Hakugombana. Polisi hawakuitwa, Mama Vero alisema anamwachia Mungu. Lakini ile video aliituma kwa mzee wa kanisa, mzee wa kanisa akaituma kwa mwingine, na ikatembea kutoka simu hadi simu. Hata mimi nilitumiwa, na mtu asiyejua ni mimi niliyeitoa. Juu yake ameandika: Mlinzi akiiba anacholinda. Na vikatuni vya kucheka.

Miaka ikapita. Magoti yakanistaafisha. Rose akalalamika kwamba kuna mtu anamwibia sukuma wiki kwenye kishamba chetu nyuma ya nyumba, basi nikatoa kamera ya zamani kwenye katoni, ya aina ile ile ya Lanet, nikaifunga chini ya paa, nikavuta waya mpaka kwa televisheni. Kwa mara ya kwanza maishani niliweza kuangalia kamera usiku bila kutoka kwa kiti changu. Nilifurahi kama mtoto. Jioni hiyo ikaanza kunyesha, Rose akakimbia nje kuanua nguo. Nikamwona kwenye skrini, na nikaweka kikombe chini.

"Rose! Umevaa nini?"

"Koti lako!" akapaza sauti kutoka nje.

"Koti gani?"

"Ile nyeusi ya matanga! Kwani unadhani naenda arusi?"

Kwenye skrini alikuwa amevaa nyeupe. Nyeupe safi, refu, inang'aa, kama daktari.

Nilitoka kwenye mvua kuhakikisha. Koti jeusi ti. Nikarudi ndani: jeupe. Alipoingia nilimvua, nikalivaa mimi, nikamwambia aangalie. Nikaleta suruali nyeusi, ikawa nyeupe. Nikaleta sweta nyeusi ya sufu, ikabaki nyeusi. Mwavuli mweusi, kijivu. Nilipita pale uani mara sijui ngapi na nguo mkononi, mpaka Rose akauliza kama nimeokoka ama nimerukwa na akili.

Ule mwanga wa usiku wa kamera, vijana, si mwanga wa macho yetu. Kuna vitambaa vyeusi vinaunyonya na kuna vinavyourudisha wote, hasa hivi vya nailoni vya kuzuia mvua. Nguo nyeusi inaweza kutoka nyeupe. Usiku, kamera ya aina ile haijui rangi. Haijui kabisa. Kama mteja anataka kujua mtu kwa nguo yake, mwekee kamera yenye taa nyeupe ya kawaida, inayotoa rangi, ama mwambie aweke balbu mlangoni iwake. Na kabla hujaondoka, vaa koti jeusi upite pale giza likiwa limeingia, mteja akiangalia. Dakika tano tu.

Rose alikaa kwenye kiti changu. Alijua hadithi ya Lanet, nilikuwa nimeileta nyumbani nikiitia chumvi.

"Baba Dan," akasema, "yule mzee alisema si yeye."

"Alisema."

"Kesho utaenda."

Sikwenda kesho. Naandika hili nikiwa na aibu kuliko yote. Kesho yake kulikuwa na mvua. Wiki iliyofuata, magoti. Kisha nikajiambia labda alikuwa yeye kweli, nani ajuaye, koti jeupe nalo linatoka jeupe. Nikajiambia watu watasemaje, kazi yangu yote mjini watu wataanza kuitilia shaka. Ilipita miezi. Rose hakunikumbusha. Alilitoa tu lile koti la matanga kwenye kabati, akalitundika kwa msumari mbele ya kiti changu, na kila nikiinua macho kutoka kwa taarifa ya habari liko pale.

Siku niliyokwenda Lanet nilibeba kamera, skrini ndogo na lile koti. Mama Vero amezeeka kidogo, miwani sasa. Nilimwomba tufunge milango ya stoo, tuzime taa. Nikalivaa koti, nikasimama kati ya magunia.

"Mama, unaona nini?"

"Naona wewe na koti nyeupe."

"Washa taa."

Aliwasha. Akaliangalia koti. Akazima mwenyewe, akaangalia skrini, akawasha. Alifanya hivyo mara tatu. Kisha akatafuta gunia la kukalia.

"Fundi, si wewe uliniambia kamera haidanganyi?"

"Ni mimi."

"Sasa hii ni nini?"

"Kamera ilionyesha kile inaweza kuona, Mama. Mimi ndiye nilisema kitu sikijui."

Alivua miwani. Akasema, "Na mimi niliituma." Akaingia duka la jirani, akatoka na unga, sukari na mafuta ndani ya mfuko, tukaenda Rhonda, alikohamia Mzee Barasa, siku hiyo hiyo.

Mzee Barasa anauza makaa ya kupima kwa mkebe mbele ya chumba chake. Alitujua kabla hatujafika. Alipangusa mikono, akatuletea viti viwili, yeye akakalia mkebe uliopinduliwa. Mama Vero alilia alipokuwa anaongea. Alimwambia kazi yake ipo, hata leo.

"Kazi nimeichokea, Mama," akasema. "Nashukuru. Mimi nilijua si mimi. Nilikuwa pale."

Kisha akanigeukia. "Fundi, siku ile, wewe ulikuwa unajua?"

"Sikujua, Mzee."

"Si ungesema hujui?"

Nilikuwa nimekuja na kamera, skrini, koti, maelezo yote ya mwanga, na yeye hakutaka kuona hata kimoja. Alichukua simu yake kutoka mfukoni, ndogo, ya vitufe, akatafuta jina polepole kwa kidole cheusi cha makaa, akanipa.

"Huyu ni Isaac, kijana wangu. Yuko Naivasha, kwa mashamba ya maua. Alitumiwa ile video. Akanipigia, akasema, 'Baba, nimeona.' Hajanipigia tena. Mimi nikimpigia hashiki. Piga na yako wewe, umwambie."

Nilinakili namba kwenye simu yangu. Ililia kwa muda.

"Haloo, nani?"

Nilimwambia mimi ni fundi niliyeweka ile kamera ya Lanet.

"Ile ya baba?"

"Ile ya baba yako. Isaac, haikuwa yeye."

"Mzee," akasema, na sauti yake ilikuwa ya heshima, ndiyo iliyoniumiza, "mimi niliona na macho yangu."

"Uliona koti jeupe. Haimaanishi lilikuwa jeupe." Nikamwambia habari ya Rose na nguo kwenye kamba. Nikamwambia habari ya sweta, ya mwavuli. Nilikuwa naongea haraka, kama mtu anayeuza kitu. Nikamwambia sikuwahi kuijaribu usiku, na kwamba nilisema nilichosema kwa sababu nilitaka kwenda nyumbani. Alinisikiza mpaka mwisho.

"Ulijua lini?"

Nikamwambia. Nikamwambia na ile miezi.

Hakunitukana. Ningetaka anitukane. Alisema tu, "Mpatie simu."

Mzee Barasa aliishika kwa mikono miwili. Alisema, "Isaac," kisha akasikiliza kwa muda mrefu, akitingisha kichwa kana kwamba kijana anamwona. "Hapana," akasema. "Hapana, sijakasirika. Wewe uliona. Hata mimi ningeona." Mama Vero alikuwa anaangalia chini, anahesabu makaa kwa ncha ya kiatu.

Halafu mzee akainamisha kichwa upande, akaifinyilia simu sikioni.

"Huyo mtoto analia hapo nyuma," akauliza, "ni wa nani?"